Siku Nilipokwama Ndani ya Gari Niliyoijenga Mwenyewe

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Aaa, hiyo amina ni ya watu waliokosa chai. Nasema Bwana asifiwe! Naam, hiyo sasa imefika soko la Kiamaiko, mbuzi wameshtuka. Asanteni.

Mimi ni Baba Shiku, fundi wa bodi za magari. Wengi wenu mnanijua kwa jina la Jeki, na leo nitawaambia kwa nini sitaki tena kuitwa hivyo. Pasta amenipa dakika kumi. Mke wangu, Mama Shiku, ameketi hapo mbele na amesema atanionyesha saa nikianza kuzunguka.

Ndugu zangu, nilikuwa mtu wa kiburi. Si kiburi cha pesa, maana hizo hatujawahi kujuana vizuri. Kiburi changu kilikuwa cha mgongo. Kule gereji Kariobangi, mtu akitafuta jeki ya kuinua gari, mimi nasema, "Jeki ya nini na mimi niko hapa?" Nashika bampa ya nyuma, nahema mara moja, gari inapanda, mwenzangu anapenyeza jiwe. Wateja wanapiga makofi. Miaka ishirini hivyo! Mtu akisema, "Ngoja nikushikie upande huu," namwona kama amenitusi. Hata nyumbani, Mama Shiku akitaka kunipokea mfuko wa unga, namwambia akae kando. Neno "nisaidie" lilikuwa la watu wengine.

Halafu kulikuwa na ile gari. Mnaijua, nyekundu, ya spoti, milango miwili, viti viwili. Niliipata imepondeka mbele, imetupwa nyuma ya godauni, mwenyewe ameikatia tamaa. Wakati huo Shiku, binti yetu wa pekee, alikuwa darasa la nne. Jumamosi mama yake akienda Gikomba kuuza mitumba, mtoto anabaki na mimi gereji. Anaingia kwenye ile gari isiyo na magurudumu, anashika usukani, anapiga honi kwa mdomo mpaka analala. Siku moja nikamwambia, "Shiku, siku ya harusi yako hii ndiyo itakupeleka kanisani." Akasema, "Baba, ahidi!" Nikaahidi mbele ya Mungu na mbele ya spana zote.

Nikaijenga miaka mingi, kipande baada ya kipande. Na kwa ile roho yangu ya kujionyesha, nikakata springi ili ikae chini zaidi ya ilivyotengenezwa. Viti nikavivalisha veleti nyekundu, kile kitambaa cha manyoya laini. Kila tuta la mtaani kwetu Umoja likawa linaikwangua tumbo. Majirani wakaniuliza, "Baba Shiku, hiyo gari unaingia ama unaivaa?" Nikacheka. Kumbe natengeneza mtego wangu mwenyewe, tena kwa ustadi.

Mwaka jana mgongo ukakataa. Niliinua gari ya mteja kama kawaida, nikasikia kitu kimeachia chini ya kiuno, na mguu wa kushoto ukafa ganzi. Nikaanguka pale kwenye oili. Wiki tatu nilienda msalani nikitambaa. Mniwie radhi, lakini ushuhuda ni ushuhuda. Daktari akasema lazima nipasuliwe, pingili zifungwe vyuma. Nikaogopa, ndugu zangu! Jeki mzima nililia mto ukaloa. Mlikuja, mkaomba. Wamama wa ushirika wakaleta uji kila siku. Nikapasuliwa, nikaamka, nikasogeza vidole vya mguu. Haleluya! Ningeweza kuishia hapo tukaimba. Lakini Mungu alikuwa ameshughulikia mgongo tu, na moyo ulikuwa bado.

Shiku alikuwa na mchumba, Wafula, kijana mtulivu, watu wao ni wa Bungoma na mama yake anakaa mtaa wa Pipeline. Harusi ilikuwa miezi minne mbele. Kila mtu akaniambia tutafute gari ya kawaida, ile unapanda kama mtu anayekaa kwenye kiti. Nikakataa katakata. Niliahidi!

Dada wa mazoezi kule hospitali akanifundisha. Gari ya chini haitaki mchezo na mgongo uliopasuliwa. Huingii kwa kichwa, huingii kwa mguu mmoja. Unaipa gari mgongo, unatanguliza makalio, samahani Pasta, unajishusha taratibu ukishikilia. Kisha unabana magoti na kuzunguka mwili mzima kwa pamoja, kama mlango kwenye bawaba. Kutoka ni vilevile, kinyumenyume. "Na ukalie kitu cha kuteleza," akanionya, "la sivyo kiti kitakushika nguo, na kitakachopindika ni kiuno." Zamani mtu angekalia mfuko wa plastiki, lakini ile mifuko ilipigwa marufuku. Basi Mama Shiku akapekua belo lake la mitumba kule Gikomba akaniletea petikoti. Ndiyo, mmesikia vizuri, petikoti ya mwanamke! Ya satini, rangi ya waridi, na lesi chini.

Na ilifanya kazi! Jioni nyingi, pale ndani ya korti yetu, ule uwanja wa nyumba zetu wenye geti moja, nilikalia ile petikoti, nikazunguka, nikatoka, Mama Shiku akinivuta mikono. Mwanzoni ilinichukua muda wa kuchemsha maharagwe. Mwezi wa mwisho nilikuwa natoka kabla hajamaliza kuhesabu hadi ishirini, na daktari akaniruhusu kuendesha hapa karibu. Nikaanza kujiona.

Siku ya harusi ikafika. Shetani hakuja na mambo mengi, alikuja na swali moja tu: watu wa Bungoma wakuone umekalia petikoti? Nikapiga picha kichwani. Tunafika kanisani, mlango unafunguliwa, simu zote zinarekodi, na lesi ya waridi inaning'inia. Hapana! Asubuhi nikaikunja, nikaitumbukiza kwenye pipa la taka nyuma ya jikoni. Fimbo yangu nikaiacha nyuma ya mlango. Nikavaa suti, nikajiendea peke yangu hadi kwenye gari, ilikokuwa imeegeshwa nyuma ya tangi la maji. Nikaingia, nikapasha injini moto, nikaizima. Nikajitazama kwenye kioo, nikasema, "Jeki amerudi."

Sasa mnajua desturi yetu. Upande wa bwana harusi ukija kumchukua binti, wamama wetu hufunga geti na kusimama ndani wakiimba. Wale wa nje wanaimba wakibembeleza, mpaka wamama waridhike. Kisha baba anaenda mlangoni, anamwombea binti, anamtoa. Baba, si mjomba, wala si jirani.

Nikasikia magari ya akina Wafula nje ya geti. Wamama wakaanza kuimba. Nikajiambia, sasa toka ukamchukue mtoto. Nikafungua mlango, nikageuka. Mimi nikageuka, suruali ikakataa! Ile veleti niliyoichagua kwa macho yangu ilinishika kama kupe. Kiuno kikapindika katikati. Yesu wangu! Maumivu yalipanda kutoka nyonga hadi kisogoni, mgongo wote ukakaza, mguu mmoja nje, mmoja ndani. Mbele siendi, nyuma sirudi. Nikajua vyuma vimehama. Nikajua Shiku atapelekwa kanisani na mtu mwingine, na mimi nitapelekwa hospitali.

Sikilizeni ujinga wangu. Sikumwita mtu! Niliomba, ndiyo, lakini sikieni maombi yenyewe: "Bwana, nitoe hapa kabla mtu hajaniona." Jirani mmoja akapita na sufuria ya pilau, akasimama, akaniuliza, "Baba Shiku, uko sawa?" Nikamjibu, "Nasikiliza injini." Na injini imezimwa! Akaniangalia, akaangalia gari, akaenda zake na pilau yake.

Nikamsikia Mama Shiku kutoka mlangoni, "Jamani, baba yuko wapi? Mtoto yuko tayari!" Jasho linanitiririka hadi kwenye tai. Ndipo nikapiga honi. Nikawaza, wataelewa. Ndugu zangu, nilipopiga honi, wamama wa getini walipiga vigelegele! Walidhani nina furaha. Nikapiga nyingine, ndefu. Wa nje wakanijibu kwa honi za magari yao. Kadiri nilivyopiga ndivyo walivyocheza. Shangazi yake Shiku akaja mpaka kwenye tangi akikata kiuno, akanipungia leso, akarudi getini. Mimi nalia, wao wanashangilia.

Hapo ndipo Bwana aliposema na mimi. Sitawadanganya, sikusikia sauti. Nilijua tu, wazi kabisa, kwamba sitatolewa pale kwa siri. Kulikuwa na neno moja kwenye ulimi wangu, na lilikuwa zito kuliko magari yote niliyowahi kuinua. Nikalisema polepole, "Nisaidieni." Hakuna aliyesikia. Basi nikafungua kifua chote: "Nisaidieni! Wamama, nimekwama! Nisaidieni!"

Wimbo ukakatika. Mtu akafungua geti, mambo ya kubembelezana yakaishia hapo, na wa ndani na wa nje wakaja mbio pamoja. Wa kwanza kufika ni nani? Mama yake Wafula! Yule yule niliyeogopa aone lesi. Alipiga magoti kwenye simiti na gauni lake jipya, akashika mguu wangu uliokuwa nje, akasema, "Pole, mkwe. Usisukume. Vuta pumzi kwanza." Halafu watu wakapisha. Mama Shiku akaja akitembea, hana haraka, mkoba begani. Akaufungua, akatoa petikoti.

"Niliitoa kwa pipa asubuhi," akasema. "Nakujua wewe."

Hakunigombeza, na hilo ndilo lilinichoma zaidi. Akaniambia niegemee kulia, akaipenyeza. Niegemee kushoto, akaivuta. Mama Wafula akayaleta magoti yangu pamoja. Wakahesabu moja, mbili, tatu, na mwili mzima ukazunguka bila kelele. Miguu yote miwili ikagusa chini. Lakini nikabaki nimekaa pale kwenye kiti, nguvu za kusimama sina, nimeinamisha kichwa kwa aibu. Nikaona viatu vya raba mbele yangu, na juu ya raba, gauni jeupe lililokunjwa mkononi. Shiku alikuwa amejitoa nyumbani mwenyewe.

"Baba, shika mabega yangu."

Nikasema, "Nitakuchafua."

"Baba, shika!"

Ndugu zangu, huyu mtoto nilimtoa kwenye gari hiyo Jumamosi nyingi akiwa amelala, nikambeba hadi nyumbani. Nikamshika mabega. Akaniinua. Nililia mbele ya watu wa Bungoma, wa kwetu Murang'a na wa Umoja yote, na sikujali hata kidogo. Niliposimama wima, ule mkazo ukaanza kuachia. Nikajaribu vidole vya miguu, vyote viko kazini! Nikamwombea binti yangu hapo hapo kando ya tangi la maji.

Sasa nani aendeshe? Mimi klachi siiwezi tena. Watu wakasema tupande gari ya akina Wafula. Shiku akasema, "Baba aliahidi hii." Akanyoosha mkono. "Lete ufunguo." Kuendesha nilimfundisha mimi, na kwenye gari hiyo hiyo. Basi wakaniingiza upande wa abiria, makalio kwanza, juu ya petikoti. Bibi harusi akashika usukani, gauni limejaa mpaka kwenye kioo. Njia nzima alipiga honi, na safari hii haikuwa ya mdomo. Matuta yalitukwangua yote, hakuna hata moja lililotusamehe.

Mengine mliyaona nyinyi wenyewe, maana nyinyi ndio mlionitoa kwenye gari hapo nje ya kanisa. Lesi ilining'inia kweli! Simu zilirekodi kweli! Na hakuna aliyekufa. Nikatembea na binti yangu kutoka mlango ule hadi pale aliposimama Pasta. Hatua zilikuwa fupi, lakini nilizitembea. Wiki iliyofuata daktari akanipiga picha ya mgongo, vyuma viko palepale alipoviweka. Ilikuwa misuli tu iliyoshtuka. Asante Yesu!

Springi nimerudisha ndefu. Veleti nimeing'oa. Kule gereji tuna jeki ya chuma, na mtu akiniambia ngoja nikushikie, nampisha ashike. Nawashukuru nyote. Namshukuru mkwe wangu aliyepiga magoti kwenye simiti. Namshukuru Mungu aliyekataa kunijibu vile nilivyotaka.

Naona saa, Mama Shiku, namaliza. Ndugu zangu, kuna mtu hapa leo amekwama. Amevaa vizuri, anaimba kutushinda sote, na sisi tunadhani anashangilia. Ndugu yangu, dada yangu, achana na honi. Ukipiga honi tutakupigia vigelegele. Mtumaini Bwana ulitaje lile neno kwake, kisha umgeukie huyu aliyeketi kando yako umwambie vilevile. Halitakuua. Mimi nimejifunza kulisema, na nitalisema sasa hivi mbele yenu, kwa sababu ngazi hizi za madhabahu nilizipanda kwa furaha na sikuangalia ziko ngapi. Mama Shiku, njoo. Nisaidie kushuka.