Simu za "Kimya cha Mchana"

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Ndugu Mkurugenzi wetu, watoto na wajukuu wa Dada Alasiri mliojaza safu ya mbele, watangazaji wa zamani na wa sasa, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wasikilizaji ambao leo kwa mara ya kwanza naziona sura za watu niliowajua kwa sauti tu: hamjambo, na karibuni.

Nadhani nimepewa nafasi hii ya kumuaga dada yetu anayestaafu kwa sababu nimekaa naye saa nyingi kuliko mume wake. Shemeji, usinune. Wewe ulimpata jioni, amechoka kusema. Mimi nilimpata mchana, maneno bado yamemjaa. Mimi ni fundi mitambo. Kati yake na mimi kulikuwa na kioo, na miaka yote hiyo tumezungumza kwa vidole na nyusi kuliko kwa vinywa. Akiinua unyusi mmoja, napunguza muziki. Akiinua zote mbili, najua nimeharibu.

Ninyi vijana mmeikuta studio ya mazulia na kiyoyozi. Sisi tulianzia kile chumba cha nyuma ya ghala, kuta tumezibandika trei za mayai ili sauti isirudi, na feni ilikuwa lazima izimwe kila taa nyekundu ya kuwa hewani inapowaka. Habari zikisomwa, msomaji alitoka kama mtu aliyenyeshewa. Lakini nani kati yetu tuliokuwepo asiyekitamani chumba kile leo? Kilinuka waya moto na chai, nasi tulikuwa na nywele nyeusi.

Sifa za Dada Alasiri mnazijua, na mimi si mtu wa kupanga sifa. Nitasimulia jambo moja tu nililoliona kwa macho yangu kupitia kioo.

Katika mji wetu alikuwepo mpiga kinanda aliyeitwa Tikisa. Harusi bila Tikisa ilikuwa chakula bila chumvi. Bibi harusi angeweza kuchelewa, watu wakasubiri. Tikisa akichelewa, watu walianza kuuliza nauli ya kurudi. Basi siku moja akaja studio na CD ndani ya bahasha. Alikuwa ameirekodi chumbani kwake, kwa kinanda cha umeme na kompyuta, blanketi zimetundikwa madirishani kuzuia kelele za mtaa. Albamu nzima, na juu yake ameandika kwa kalamu: *Kimya cha Mchana*.

"Dada," akasema, "hii sikuipiga ili watu wacheze."

"Umeipiga wafanye nini?"

"Wakae."

Dada Alasiri akaipiga yote, mwanzo hadi mwisho, katika kipindi chake cha mchana, ile saa ambayo watu wamekwisha kula na jua limewachosha. Ndugu zangu, haikuwa na ngoma. Haikuwa na mwimbaji. Sauti moja laini inakuja, inakaa, inaondoka taratibu, na kabla haijaisha nyingine imeshaingia chini yake kama maji chini ya mlango. Mimi nilidhani waya umelegea. Nilikuwa nimekwisha piga magoti chini ya meza nikipapasa nyaya, nikainua macho, nikamwona amenyoosha kidole: acha.

Ilipokwisha akafungua simu. "Haya, semeni mlivyoiona," akawaambia. "Msimwonee haya Tikisa."

Wala hawakumwonea haya! Wa kwanza alikuwa mchomeleaji wa mageti: "Dada, iliyoungua ni redio yangu au ni yako?" Akafuata mama wa mapacha, ananong'ona: "Irudieni, tafadhali. Wamelala wote wawili kwa pamoja. Tangu niwazae sijaona." Msusi akalalamika kwamba wateja wanamsinzilia, vichwa vinapinda, mistari inakwenda kombo. Mwalimu mstaafu akasema ni kama insha yenye utangulizi mtupu. Anasubiri kiini, na kiini hakiji. Na mama mmoja aliyetikiswa na Tikisa kwenye harusi yake mwenyewe mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka, akauliza kwa huruma ya kweli: "Kwani nani amemuudhi kijana wetu?"

Halafu akapiga Mzee Bisha. Jina hilo tulimpa sisi. Kila wiki Dada alipoirudia albamu ile, mzee yule alipiga simu kuiponda. "Nimeungoja huo wimbo uanze, mara naambiwa umekwisha." Wiki nyingine: "Huo si wimbo, ni nyumba isiyo na mlango. Mtu ataingilia wapi?" Watu wakaanza kufungua redio ili wamsikie yeye. Mjini kote, kwa vinyozi na kwenye foleni za maji, ulisikia mabishano: huyu anasema ni usingizi, huyu anasema ni dawa.

Lakini kicheko cha wengi kina mtu kinayemkata. Tikisa alikuwa anasikiliza nyumbani, peke yake, simu baada ya simu. Mkurugenzi wa wakati ule, ambaye hayupo hapa kujitetea, kwa hiyo nitamtaja kwa adabu, naye akaingia studio akasema muziki ule uondolewe, watu wanalalamika.

Dada akamjibu, "Wanalalamika, mzee, lakini hawajazima. Umemwona wapi mtu anayechukia chakula akirudi kila wiki kuonja?"

Mkurugenzi akaguna, akaondoka. Tikisa alikuwa mgumu zaidi. Alikuja mwenyewe, macho yamemwiva. "Nipe CD yangu, dada. Narudi kwenye harusi. Kule hata nikikosea wananitunza."

"Ni yako, sikuzuii," akamwambia. "Ila kaa humu leo, usikilize ukiwa na watu, si peke yako."

Akakaa pembeni yangu. Albamu ikapigwa, simu zikaja, Mzee Bisha hakupiga. Wiki iliyotangulia pia hakuwa amepiga. Dada akamtania hewani: "Mzee wetu, uko wapi? Umeishiwa hoja?" Simu ikalia. Alikuwa yule msusi, na sauti yake haikuwa ya mzaha. "Dada, usimtanie. Tunakaa mtaa mmoja. Mzee amefiwa na mkewe."

Nilimwona Dada akifumba macho. Akasema pole, polepole, mara moja tu. Kipindi kilipokwisha akachukua mkoba wake: "Twende." Tikisa akasimama bila kuitwa.

Tulimkuta sebuleni, viti viwili vimeelekea redio iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Aliitambua sauti kabla ya sura. "Dada Alasiri! Nisamehe kwa yale maneno yangu."

"Hakuna la kusamehe, baba. Tumekuja kukupa pole."

Akatuketisha, akatueleza. Mkewe aliugua muda mrefu, na katika miezi yake ya mwisho, kitu alichokiulizia kila wiki kilikuwa muziki ule. "Aliupenda kuliko alivyonipenda mimi," akasema. "Basi mimi ukiisha tu napiga simu kuuponda, naye anacheka kitandani mpaka anashika mbavu. Siku nyingine ananifundisha: safari hii waambie hivi. Ile ya nyumba isiyo na mlango ni yake. Mimi akili hiyo nitaitoa wapi?"

Tikisa akainuka. "Mzee, niliyeupiga ni mimi."

Mzee akamtazama juu hadi chini. "Wewe? Nilidhani utakuwa mnene."

Tukacheka, msibani, wote wanne. Kisha Tikisa akauliza kwa sauti ndogo: "Na yeye mwenyewe, aliuonaje?"

"Alisema ule wa nne kwenye CD ni kama kulala huku unasikia kuna mtu jikoni anaosha vyombo. Basi ukipigwa huo, nilikuwa naenda kuosha vyombo. Hata vikiwa visafi."

Tikisa hakuidai tena CD yake. Wiki iliyofuata, kwa ruhusa ya mzee, Dada alisoma hewani maoni ya yule marehemu, akapiga wa nne peke yake. Ulipoisha, simu ikalia.

"Dada," akasema Mzee Bisha, "mimi bado nasema huo si wimbo." Tukangoja. "Lakini urudie."

Leo Tikisa yuko hapa, nyuma ya hizo spika, na ana albamu nyingine mbili zisizochezeka. Mzee Bisha yuko meza ya pili, naona tayari ananitikisia kichwa kunipinga.

Mheshimiwa Mwenyekiti, watangazaji wenye sauti nzuri ni wengi. Ni wangapi wanaoona kwamba mtu mmoja hakupiga simu?

Ijumaa iliyopita alifanya kipindi chake cha mwisho. Aliaga kwa maneno machache, akavua hedifoni, akanipa ishara nizime kipaza sauti. Kwa mara ya kwanza sikumtii. Nilikiacha wazi. Akafunga zipu ya mkoba, akavuta mlango, na viatu vyake vikasikika kwenye ujia, vikienda, vikipungua, mpaka ngazini. Baada ya hapo ukabaki ukimya, nami nikauacha nao usikike.

Simu ikalia. Binti mmoja, sijui ni nani. "Samahani, huo wa mwisho, wenye mlango na viatu, unaitwaje? Naomba muurudie."

Nikamwambia, "Mwanangu, huo hatuna nakala yake."

Dada yangu, pumzika salama na wajukuu. Nanyi nyote mlionipa masikio yenu mchana huu, asanteni sana kwa kunisikiliza.