Mbuzi wa Kijani wa Mwalimu Rangi Gani

Ijumaa hii, tarehe thelathini, mwalimu wetu wa sanaa anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa katika chumba kilekile cha karibu na choo, chumba ambacho wengine wetu tungepangiwa tungeomba uhamisho siku hiyohiyo. Wanafunzi wanamwita Mwalimu Rangi Gani. Mimi ninayefundisha hesabu chumba cha pili nimelisikia swali hilo kupitia ukutani mpaka nikaliota.

Watoto wetu ni wa wafua nguo, wabeba mizigo na wauza mkaa. Penseli za rangi kwao ni anasa. Basi alikuwa akiwazungukia mafundi rangi wa mtaani kuomba mabaki, akirudi na makopo yasiyo na lebo na shati lisilofulika, mkewe akilalamika kwamba ameolewa na ukuta. Kila kopo likifunguliwa, aliwauliza watoto ni rangi gani, na jibu la mkato hakulitaka. Nyekundu ya nini? Ya nyanya, ya tofali, au ya jicho lililolia? Watoto ambao tuliambiwa hawana la kusema wakawa wanabishana kama mawakili. Wakaguzi wakaisifu mbinu hiyo.

Kumbe haikuwa mbinu! Tangu azaliwe, macho yake hayatofautishi nyekundu, kijani na kahawia. Wala hakuficha. Alitueleza mara nyingi, nasi tukacheka, maana tulimjua kwa utani.

Tulikuja kuamini mwaka aliochora ukuta wa uani. Msaidizi wake wa kumtajia rangi alikuwa binti wa muuza mkaa, mtoto mkimya kupindukia. Katikati ya kazi, baba yake akaamua kumtoa shule akamsaidie kuuza. Mwalimu alimfuata mzee huyo akamwambia wazi kwamba bila binti yake hawezi kuchora. Mzee akaona anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, akakataa katakata. Kesho yake dawati lilikuwa tupu. Mwalimu, kwa ubishi wake, akapanda ngazi peke yake.

Lo! Majani yakawa ya kahawia, na katikati yake mbuzi wa kijani kibichi, kashiba, kasimama kwa maringo. Mzee alipoleta mkaa wa jikoni akamwona mbuzi, alicheka mpaka akakalia gunia. Kisha akamuuliza Mwalimu yule mbuzi ni wa rangi gani, naye akajibu kwa kujiamini kwamba ni wa kahawia. Mzee akainuka kwenye gunia, kicheko kimemwisha. Asubuhi iliyofuata yeye mwenyewe alimleta binti, kamshika mkono, sare imepigwa pasi. Leo binti huyo ni mkunga, na baba yake hukueleza habari hiyo hata hujamuuliza.

Nasema kweli, nimeduwaa mpaka leo. Kuna picha kwenye kila ukuta wa shule hii, na hakuna hata moja aliyoiona kama tunavyoiona sisi. Zote amezipokea kwa kuambiwa, na waliomwambia ni watoto ambao hakuna mtu mwingine aliyewahi kuwauliza chochote. Aliwauliza, wakajibu, akachovya brashi akapaka.

Ahsante, Mwalimu. Nenda kapumzike na mama, afya ikuzidie, na siku zako zote ziwe njema. Wanao wamekuwa wakubwa, na wanajua kusema wanachokiona.