Mbele ya Usumani, Mbere ya Jean-Berchmans

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Mzee Usumani Nasiri atavua ovaroli yake ya bluu baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi katika Garaji ya Bondeni, hapa Kimisagara. Ovaroli yenyewe ameomba aende nayo nyumbani. Uongozi umekubali bila mjadala, maana hakuna mwingine ambaye ingemkaa tumboni.

Mzee Usumani alizaliwa Biryogo, katika nyumba ya wafanyabiashara ambao Kiswahili chao kilitoka pwani pamoja na vitambaa walivyouza. Ufundi alifundishwa na mjomba wake. Alipojiunga nasi mwaka 1998 alikuwa tayari anajulikana kwa mambo mawili: kuimba akifungua injini, na kujisifu akiifunga. Yote mawili hajayaacha. Ukimshukuru kwa kazi nzuri hasemi "si kitu". Anasema, "Nilijua utafurahi."

Kila Ijumaa adhuhuri huvaa kanzu nyeupe, akapita katikati ya madumu ya oili chafu hadi getini bila kupata hata doa. Sisi wengine tunachafuka tukiwa tumekaa mapokezi. Na ilipoletwa kompyuta ya kupimia magari mapya, wengi tulidhani atanuna. Wapi! Aliipa jina la Shemeji, kwa sababu inasema sana na kila inachosema lazima ukisikilize kwa heshima. Leo hakuna anayeelewana na Shemeji kumshinda yeye.

Lakini moyo wake uko kwa injini za zamani, zile zenye deliko, kikopo kinachogawa cheche kwa kila plagi. Deliko ikizungushwa kidogo tu, cheche inawahi au inachelewa, na hapo ndipo taimingi inapoharibika. Cheche ikiwahi mno, injini inagonga ikipanda mlima. Ikichelewa, gari linachoka, linachemka na kukohoa kwenye bomba la moshi. Sheria ya Mzee Usumani kila fundi hapa anaijua: angalia plagi, angalia waya, pima platini, na deliko uiguse mwisho. Anayeanza na deliko, anasema, ni sawa na anayerekebisha saa ya ukutani wakati betri ndiyo imekwisha.

Basi hamwezi kumuaga mtu huyu bila kukumbushwa habari ya Peugeot ya Mama Nyiransabimana. Wanaoifahamu watuvumilie. Wasioifahamu wamekuwa wakijiuliza kwa nini hapa kwetu neno "mbele" ni marufuku karibu na boneti iliyo wazi.

Mama Nyiransabimana anauza vitenge soko la Kimironko. Marehemu mumewe alimwachia Peugeot ya rangi ya maziwa, na yeye alikuwa ameapa mbele ya ukoo mzima kwamba binti yao Trinah ataingia kanisani kwa gari la baba yake, si la kukodi. Harusi ilikuwa Jumamosi. Jumatano gari lilifika hapa likivutwa kwa kamba, baada ya kushindwa mlima uleule linaopaswa kumpandisha bibi harusi. Mama aliketi juu ya tairi karibu na mlango, akasema hatoki hapo mpaka alisikie gari la mumewe likinguruma.

Mzee Usumani aliona ubovu mapema. Platini, vile vibati vinavyokata na kuunga umeme ndani ya deliko, zilikuwa zimejibana, na fundi fulani wa njiani, badala ya kuzifungua, alizungusha deliko ili cheche iwahi na gari lijikongoje hadi kwake. Usumani akaziweka platini sawa. Sasa cheche ikawa inawahi kupita kiasi na injini ikagonga. Hilo alilitarajia. Kilichobaki ni kusogeza deliko kidogo ili cheche ichelewe, kuifuatisha inakozunguka rota, kile kidole cha ndani yake. Akachukua taa ya kupimia, akainama kutazama alama kwenye puli, na kumwachia deliko fundi mgeni, Jean-Berchmans.

Jean-Berchmans alikuwa ametoka Huye, amejifunza ufundi kwa Kifaransa, na Kiswahili alikuwa anakiokota siku kwa siku. Usumani akamwambia apeleke mbele kidogo. Akapeleka. Injini ikagonga zaidi. Mbele tena! Akapeleka tena, injini ikapiga kelele za kutisha. Basi rudisha nyuma! Akarudisha, mambo yakatulia, na Usumani akashika kichwa, kwa sababu alama kwenye puli ilikuwa ikienda kinyume na kila alichojua kuhusu injini.

Mtu anayejisifu hawezi kuanza kwa kujishuku mwenyewe. Alishuku puli kwamba imelegea. Wakaitoa, nzima. Akashuku cheni ya taimingi. Wakafungua kifuniko chake, kazi ya siku nzima, nayo wakaikuta salama kabisa. Alhamisi ikaisha hivyo. Baada ya hapo kilibaki kitu kimoja tu cha kushuku, nacho kilikuwa kimeshika spana.

Fahali wawili hawakai zizi moja. Ijumaa asubuhi walirudia, na garaji nzima ikasimamisha kazi kusikiliza. "Nimesema mbele!" "Muzee, ni mbere nimepeleka! Iko mbere sana, haiwezi enda mbere ingine!" Usumani akatamka kwamba kuna watu wametumwa kuharibu harusi za wenzao. Jean-Berchmans alianza kutia vifaa vyake kwenye begi, na kwa uso aliokuwa nao, hakuna aliyedhani angerudi.

Hapo Mama Nyiransabimana akainuka kwenye tairi lake. Kimironko anauzia Wakongomani, Watanzania na Wanyarwanda, na maneno yamekwisha kumpiga chenga mara nyingi. "Nyamazeni kwanza," alisema. "Huyu anasema mbele ya njia. Huyu anasikia mbere ya saa. Mutaniulia gari juu ya neno moya?"

Mbele ya Usumani ilikuwa mahali: sukuma kule inakoelekea rota. Mbere ya Jean-Berchmans ilikuwa wakati, kama tusemavyo katika Kinyarwanda: fanya cheche iwahi, itangulie. Na kila Usumani aliposema nyuma, mwenzake alisikia "baadaye", akaichelewesha. Mmoja alizungumza na kikopo, mwingine na cheche, na hivyo viwili huenda kinyume. Kila mmoja alifanya kazi yake sawasawa. Siku mbili tulikuwa tunatafuta ndani ya injini ubovu uliokuwa mdomoni.

Mzee Usumani akaenda kwenye lile begi, akatoa spana, akamrudishia mwenyewe. Hakuomba radhi kwa maneno. Maneno yalikuwa yamekwisha kumtia aibu ya kutosha. Jioni hiyo Peugeot ilipanda hadi Nyamirambo bila kugonga hata mara moja, Mama akiwa kiti cha nyuma analia na kucheka. Jumamosi Trinah alishuka mlangoni pa kanisa kutoka gari la baba yake. Jean-Berchmans ndiye aliyeendesha, na Usumani alikaa pembeni yake ndani ya kanzu, sikio lote likiwa kwenye injini.

Tangu hapo gari lenye deliko huegeshwa hapa likitazama geti, na chini ya boneti hakuna mbele wala nyuma. Kuna mlimani na mtoni, yaani upande wa Mlima Kigali na upande wa mto Nyabugogo. Fundi wetu Iradukunda alipohamia garaji moja ya Niboye, alimwambia mwenzake "peleka mtoni", mwenye gari akaruka kumnyang'anya funguo. Lakini waliofunzwa kwa mlimani na mtoni wako leo kila pembe ya Kigali, na magari ya zamani wanayoyatunza bado yanapanda.

Peugeot ya rangi ya maziwa ndiyo itakayompeleka Mzee Usumani nyumbani kwake Niboye siku ya Ijumaa. Mama Nyiransabimana ameagiza, na Mama huyo haagizi mara mbili. Jumanne ililetwa kwa marekebisho, na Jean-Berchmans akakataza mtu mwingine asiiguse. Usumani aliketishwa juu ya tairi, mikono mifukoni, jambo ambalo halijawahi kutokea. Platini zikapimwa, taa ikawashwa. Mwishoni kabisa, deliko ikiwa mkononi, Jean-Berchmans akainua kichwa: "Muzee, mbele ao nyuma?"

Usumani alisikiliza injini kwa muda. "Iache hapo hapo," akasema.

Jean-Berchmans akakaza nati, akaenda nyuma ya stoo, na aliporudi macho yalikuwa mekundu. Alisema ni moshi. Hakuna aliyembishia, maana moshi huo ulitufikia sote hadi mapokezi. Tutamkosa sana mzee huyu, na hatuoni haya kuliandika.

Mzee Usumani, asante kwa nyimbo, kwa majigambo, kwa mafundi uliotuachia na kwa milima yote uliyotupandisha. Mungu akupe afya na usingizi mrefu wa asubuhi. Tunakutakia maisha mema na mbele njema. Wewe utasikia huko unakokwenda. Jean-Berchmans atasikia mbere, zile siku za mwanzo. Safari hii, wazee wetu, mmesikia sawa wote wawili.

Winifred Umulisa
Mapokezi, Garaji ya Bondeni