Bao la Ubavuni

Benchi letu ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matairi mawili, nje ya banda la kinyozi, ukitazamana na ukuta wa stoo ya timu. Asubuhi hiyo tulikaa watatu: Kinyozi mwenyewe, mkasi mfukoni, Spana, fundi wa magari aliyestaafu lakini bado ananuka grisi, na mimi, fundi cherehani, wanayeniita Shahidi. Vijana wa mtaa wanaifufua Mshale, timu yetu iliyokufa miaka kumi na tisa iliyopita, na walituomba wazee tuwape historia yake ichorwe ukutani. Mchoraji, mgeni hapa mtaani, alikuwa juu ya ngazi na kopo lake. Mstari wa kwanza ulishakauka: timu ilianzishwa na maseremala na wapakia magunia, kwa jezi nyeupe zilizochovywa rangi katika pipa moja, zikatoka kila moja na wekundu wake. Wa pili nao: kombe la mtaa, mara mbili. Wa tatu ndio uliozua kelele. Mshale ilikufaje?

— Andika "kipa aliiua," Kinyozi alimwambia. Fainali, dakika ya mwisho, bao moja. Wiki ile ile timu ikasambaratika.

— Aliiuaje? mchoraji akauliza, brashi hewani.

— Glavu! Alizipaka mafuta ya mgando. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Glavu si nguo?

— Wewe Kinyozi, mafuta unayaona kila mahali kwa sababu ndiyo kazi yako, Spana akadakia. Sikiliza, mwanangu. Lile goli lilisogezwa. Hatua moja kushoto. Mimi macho yangu ni rula.

— Nani aliyelisogeza na watu wamejaa uwanjani?

— Ndiyo maana hakuna aliyeona! Palipo na wengi hapaharibiki neno.

— Sasa hiyo methali inamsaidia nani?

— Inamsaidia aliyesogeza.

Tukacheka. Muuza kahawa akatujazia vikombe. Spana akashusha sauti kama mtu anayetoa siri ya serikali.

— Tena nikwambie. Yule aliyekaa golini hakuwa yeye. Alikuwa pacha wake.

— Hana pacha, Spana!

— Ehee! Ndiyo maana hatukumgundua.

Mchoraji alicheka mpaka ngazi ikatikisika. Kisha akauliza:

— Na kipa mwenyewe alisemaje siku hiyo?

— Huyo! Kinyozi akabetua mdomo. Alidai mpira umepita ubavuni, kwenye tundu la wavu. Kwamba si bao. Tundu lilikuwepo, hatukatai, wavu wenyewe ulikuwa mzee kuliko refa. Lakini si tulikuwa na Shahidi? Kila timu ilitoa mtu mmoja wa kushika kibendera, sisi tulimtoa huyu. Refa alikuwa mbali, akamfuata, akamuuliza. Akajibu, "Ni bao." Dhidi ya timu yake mwenyewe! Mtu wa sala hasemi uongo. Ndipo tukamwita Shahidi.

Akanipiga bega kwa mapenzi.

Ndugu msomaji, nimesoma darasa saba tu, lakini dhambi yangu naijua kuisoma. Mpira ule ulipoingia mimi sikuwa nautazama. Kiongozi wetu wa sala alikuwa amefika uwanjani, nami nilikuwa nimegeuka kumwamkia, ili anione na kibendera mkononi. Nikasikia kelele, nikageuka, mpira umo wavuni. Refa aliponiuliza, kiongozi alikuwa amesimama hatua tatu nyuma yangu. Ningesema "sikuona," ningeonekana mzembe. Ningesema "si bao," ningeonekana napendelea kwetu. Nikasema "ni bao" kwa sababu ndilo jibu lililonipendeza masikioni. Nilitaka kuonekana mwadilifu, na nilionekana. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikipewa nafasi ya mbele kwa ajili ya neno lile moja.

— Basi naandika, mchoraji akasema. "Timu ilivunjika kwa sababu ya kipa." Sawa, wazee?

Nikamkumbuka mtoto mkubwa wa kipa, beki wa timu hii mpya. Atakuwa akivaa viatu vyake chini ya ukuta huo kila Jumamosi.

— Usiandike, nikasema. Mimi sikuona.

— Hukuona nini?

— Mpira. Sikujua umepita wapi. Nilikuwa nimegeuka.

Kinyozi akaangua kicheko.

— Mnamwona mtu wa Mungu? Anajibebesha kosa ili amsitiri mwenzake!

— Roho yako itakuponza, Shahidi, Spana akaongeza, macho yamemlowa. Wema usizidi uwezo.

— Jamani, nilidanganya!

— Nyamaza, bwana. Tunakujua.

Uongo wangu waliupokea kwa mikono miwili. Ukweli wangu wakaufungia mlango. Na hilo nalo ni deni langu, maana mimi ndiye niliyewafundisha kuniamini.

Mchoraji akashuka ngazi moja moja.

— Samahanini, wazee wangu. Huyo kipa yuko hai?

— Yupo. Nyuma ya mashine ya kusaga. Anatengeneza baiskeli.

— Ni mbali?

— Wapi! Hata kahawa haipoi.

— Sasa mmewahi kwenda kumuuliza?

Kinyozi akatazama mkasi wake. Spana akaitazama lami. Muuza kahawa aliinamisha birika, yakatoka matone mawili tu, na hakuna aliyelalamika.

Nikaenda mimi. Nilimkuta amepindua baiskeli magurudumu juu, anakaza spoki. Nikamwamkia, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Hakuacha kuzungusha gurudumu.

— Nilijua, akasema. Niligeuka kukutazama wewe kabla ya refa. Nikakuona umenipa kisogo.

— Mbona hukusema, ndugu yangu?

— Nilisema kuwa si bao. Siku ile ile, mbele ya wote. Ulinisikia.

Nikamwomba msamaha. Akalisimamisha gurudumu kwa kiganja.

— Msamaha wa huku nyuma ya mashine, mimi na wewe tu, naupeleka wapi? Neno lile la kwanza ulilisema uwanjani. Kalisemee huko na hili.

Jumamosi Mshale inacheza mechi yake ya kwanza, saa kumi. Leo ni Alhamisi. Mstari wa tatu bado haujaandikwa. Mchoraji amesema atasubiri. Nimeandika haya nikayabandika kwenye mlango wa stoo, ili Jumamosi ikifika, nikasita kusimama uwanjani kulisema, nisipate pa kurudi.