Bi Muzna Khalil na Kaya Mbili za Mume Mmoja

Assalamu alaikum, jamaa na majirani mliokuja kwenye hitima hii. Marehemu dada yetu, Bi Muzna Khalil Zahran, alizaliwa Malindi, Mji Mkongwe, tarehe 9 Machi 1960, mtoto wa tatu wa Mzee Khalil na Bi Ghaliya, na tangu utotoni hakuwa na kitako, hata wali ukipakuliwa yeye keshasimama.

Alisoma hapa mjini hadi kidato cha nne, akaenda Dar es Salaam kusomea takwimu, akarejea mwaka 1985 na kuajiriwa katika ofisi moja ya utafiti wa jamii, ambako alibuni mifumo ya kompyuta ya kuhifadhi majibu ya madodoso, watafiti wapate kujua nani anaishi na nani na wanaendeshaje maisha. Tarehe 14 Julai 1988 aliolewa na Bwana Hasan Ame, ambaye tayari alikuwa na mke Chwaka, Bi Mashavu, bwana akawa anakwenda kwa zamu baina ya Chwaka na Mpendae, nyumbani kwa Bi Muzna, na Mungu akawaruzuku mtoto mmoja, Nassra, Mei 1990.

Mwaka 1996 alimaliza mfumo wa utafiti wa kaya za Chwaka, akaujaribu kwa watu wake mwenyewe. Mfumo ulimkubalia kila mtu kaya moja tu, naye, bila kufikiri, akamwandika mumewe Mpendae, na karatasi zilipotoka Bi Mashavu akasomeka hana mume. Habari zilipomfikia alikuja mjini, hakuvua hata buibui, akauliza, "Bi Muzna, mume wangu umemtia wapi?"

Swali lile lilimchoma. Watafiti walitaka kazi yao, wakamwambia mtu mmoja haharibu hesabu, yeye akaubomoa mfumo wote, akawa anazunguka vyumbani na kikombe cha chai iliyopoa, akagombana na mkuu wake, akapoteza mkataba, mpaka Novemba 1997 alipopata njia ya mtu mmoja kuwa na kaya mbili bila kuhesabiwa watu wawili. Wa kwanza kuoneshwa alikuwa Bi Mashavu.

Figo zilianza kumsumbua Bi Muzna mwaka 2002. Bi Mashavu alihamia Mpendae kumuuguza, akimkemea kila alipotaka kuinuka, na ndiye aliyemshika mkono alipofariki, Ijumaa tarehe 13 Agosti 2004.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, majirani na wafanyakazi wenzake. Siku zake za mwisho alikuwa na swali moja tu, Nassra atakaa wapi. Bi Mashavu keshamtandikia kitanda Chwaka, na chumba chake cha Mpendae hakitaguswa. Mtoto ana kaya mbili, dada yetu, kaa kitako sasa, pumzika kwa amani.