Miaka 31 ya Mama Mado Chilufya na Soli Zisizoumiza Miguu

Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, saa tisa na nusu alasiri, Mama Mado Chilufya atatundika koti lake la buluu kwa mara ya mwisho katika kiwanda chetu cha viatu cha Lufira, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Aliingia Mei 1994 akiwa mfanyakazi wa kupaka gundi. Anaondoka akiwa mkuu wa ofisi ya uchoraji wa soli, na kila basketi, yaani raba, tunayotoa leo, ya mpira, ya mbio au ya mazoezi, ina soli iliyopita mikononi mwake.

Mama Mado alizaliwa Pweto, kando ya ziwa Mweru, akakulia hapa Lubumbashi kwa sababu baba yake alikuwa fundi wa reli. Mzee alitengeneza springi za mabehewa, na binti alipenda kumpelekea chakula karakanani ili aone vyuma vile vikibanwa na kurudi. Aliuliza kwa nini springi ya behewa la mawe ya shaba haifanani na ya behewa la abiria. Mzee alimjibu kwamba kila mzigo una springi yake. Shuleni alisoma biolojia na kemia, akapata diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari, akatafuta kazi mwaka mzima, na mwishowe akapewa brashi ya gundi kwetu.

Waliofanya kazi naye wanajua kwamba Mama Mado humtazama mtu miguu kwanza, halafu uso. Siku moja ya Pasaka alimfuata muumini hadi nje ya kanisa kumwomba viatu vyake vilivyochakaa, akampa vipya. Alivipasua katikati kwa msumeno ili aone sponji ya ndani ilivyolegea, kama alivyopasua vingine zaidi ya mia mbili alivyokusanya katika soko la mtaa wa Kenya hapa mjini. Mwaka 2011 alipasua hata basketi za Mkurugenzi wetu, Bwana Dieumerci Mutombo, aliyekuwa ameziacha karakanani zibandikwe upya. Bwana Mkurugenzi alirudi nyumbani siku hiyo na kandambili. Hakumfukuza, nasi tunamshukuru hadi leo.

Maana mwaka uliofuata ndio uliotaka kutumaliza. Basketi zetu zilikuwa zikirudishwa dukani. Soli zilikuwa ngumu, wakimbiaji walilalamika maumivu ya muundi, na viatu kutoka ng'ambo vilijaa mjini. Mwezi wa tatu 2012 tulitangaziwa kwamba idara ya basketi itafungwa. Tulikuwa watu arobaini na wawili, na wengi hatukuwa na ufundi mwingine. Katika mkutano ule kila mtu alikuwa ameinamisha kichwa. Mama Mado, ambaye bado alikuwa msimamizi wa gundi tu, alisimama.

“Patron, soli yetu njo iko mubaya, bantu yetu hapana,” alimwambia Mkurugenzi. “Munipatie mpaka mbio ya Kipushi. Kama ile siku muguu ya mukimbiaji inauma, mufunge, na miye wa kwanza nitatoka.”

Mbio ile ya kilomita thelathini, kutoka Lubumbashi hadi Kipushi, ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Septemba. Alipewa miezi mitano, mashine moja ya kubana soli, na fundi wake Paulin. Mkimbiaji, Mama Mado alimtafuta yeye mwenyewe: Keren Mwamba wa Katuba, msichana aliyekuwa karibu kuacha mbio kwa sababu ya miguu.

Soli ya kwanza ilikuwa laini kama mto wa kulalia. Karakana nzima iliipenda. Keren aliijaribu siku nne, akaja kutuambia, “Mama, ni sawa na kukimbia juu ya bukari,” yaani ugali. Siku ya tano mguu uliyumba, akateguka kifundo. Hapo ndipo nilipomwona Mama Mado akilia, mara ya kwanza na ya mwisho kazini. Kwa wiki tatu alipita kila jioni kwa akina Keren kumkanda kifundo kwa maji ya moto. Mama yake Keren hakumsemesha hadi wiki ya pili.

Aliporudi mezani, alitandika vile viatu vyote alivyovipasua na kuvitazama upya. Karibu vyote vilikuwa vimeliwa kwenye kisigino, upande wa nje. Alimwita Paulin. “Unaona? Muguu inaanguka hapa, kisha inageuka. Hapa itaka kintu laini, huku ndani itaka kigumu. Baba alikuwa anasema ya kweli.” Wakaanza kubana sponji mbili katika soli moja: laini pale mguu unapotua, ngumu pale unapoegemea. Umeme ulipokatika katikati ya kazi, sponji iliharibika yote, wakaanza tena. Paulin anasema walitupa soli nyingi kuliko nywele alizobaki nazo.

Juni ikaja na baridi yake. Soli iliyokuwa nzuri mchana ilikuwa kama ubao saa kumi na mbili asubuhi, na wakimbiaji wetu hukimbia saa hiyo. Hatuna maabara ya baridi. Mama Mado alizipeleka soli kwa shangazi yake anayeuza samaki sokoni, zikalala ndani ya friza pamoja na samaki wa ziwa Mweru. Kila asubuhi alizitoa, akazikunja kwa mikono, akaandika daftarini, akabadilisha mchanganyiko. Mchanganyiko wa kumi na saba ulikunjika ukiwa na barafu bado juu yake. Karakana ilinuka samaki hadi Agosti, na hakuna aliyelalamika.

Keren alipona na kuanza tena polepole: kilomita tano, kumi, ishirini. Siku ya mbio tulikuwa wote Kipushi, tumejipanga mwisho wa barabara tukiwa na sare zetu za kazi. Mama Mado hakuweza kutazama, aligeukia ukuta wa duka moja akishika rozari. Tulimwona Keren akitokea kwenye kona akiwa wa pili. Mbele yake alikuwa mwanadada mwenye viatu vya ng'ambo, ambaye tayari alikuwa akichechemea kidogo. Zikiwa zimebaki mita mia tatu Keren alimpita. Tulipiga kelele hadi Mama Mado akageuka, akamwona akikata utepe.

Mtangazaji wa redio alimuuliza anajisikiaje. Keren hakusema habari za ushindi, bali za miguu. “Magulu haiumi,” alisema huku akirukaruka. “Mama Mado, hata kidogo, haiumi!” Bwana Mutombo alimwomba kiatu kimoja, akabonyeza kisigino kwa kidole gumba, akakiangalia kikirudi mahali pake. Jumatatu tangazo la kufunga idara lilibanduliwa ukutani. Alilibandua Mkurugenzi mwenyewe.

Leo idara ile ina wafanyakazi mia moja na thelathini. Viatu vyetu vinavaliwa Kolwezi, Likasi na hata ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa. Ofisi ya uchoraji aliyoianzisha ina wachoraji sita, wanne wao wanawake, na wote walianzia kwenye gundi kwa amri yake. Soli yake ya mpira wa kikapu ya mwaka 2016, iliyolia kama kifaranga kila mtu akikanyaga, ndiyo anayoitaja kwanza akiwafundisha, kabla ya zile zilizofaulu.

Soli yake ya mwisho imekubaliwa wiki hii: ya viatu vya michezo vya wanafunzi wa shule za msingi, nyepesi, yenye kisigino kilichopimwa kwa miguu midogo. Itabanwa Jumanne, baada ya sikukuu ya Uhuru ya tarehe 30 Juni.

Mama Mado, sisi wa gundi, wa mashine, wa uchoraji na mimi wa ukaguzi tunakushukuru. Tuna kazi, tunasomesha watoto, kwa sababu ulisimama siku tulipoinamisha vichwa. Maisha ya huko Pweto unakorudi yakupokee vema, yawe marefu, na Mungu akulinde pamoja na nyumba yako yote. Jumanne asubuhi mashine itafunguka na soli zako zitatoka zikiwa moto. Wewe utakuwa njiani kuelekea ziwani, na hapa watoto watakuwa wanangoja kukimbia.

Bijou Kasongo, Idara ya Ukaguzi