Mnara wa Baba Yenu Usiguswe

Sogezeni viti, wanangu, na wewe Gernot zima hiyo simu. Mnunuzi wako wa Vienna anaweza kusubiri, mimi siwezi. Roswitha, acha kulia, utalia baadaye ukipata nafasi. Nisikilizeni wakati pumzi bado ipo.

Nyumba hii na ng'ombe ni vya Gernot, maana ndiye anayeamka kukamua. Msitu ni wa Roswitha. Kibanda cha mlimani, tunakopeleka ng'ombe kiangazi, ni chenu nyote wawili, na mnara wa redio wa baba yenu ulio juu ya paa lake usiguswe. Najua, Gernot, najua. Mnunuzi anataka nyumba ya likizo na hataki kuona vyuma. Akanunue picha ya mlima aitundike ukutani.

Mimi shule niliionja tu. Lakini baba yenu Vinzenz na wenzake wa redio niliwapikia miaka yote, wakabishana huku wakila supu yangu ya madonge ya mkate, na jambo lao nikalielewa. Kila mnara humwambia jirani yake tu: mimi najua njia ya kufika kwa fulani. Jirani naye humpasha jirani yake, hivyo hivyo mpaka ng'ambo ya mpaka. Hakuna bwana mkubwa anayeamrisha. Njia ikikatika, minara inaulizana upya, na ujumbe unazungukia kwingine.

"Mtandao wa dunia nzima unapitisha habari zake hivi hivi," Vinzenz aliniambia. "Sisi tumeuchukua ufundi huo tukautia kwenye redio zetu."

"Basi mngejua na njia ya kuja mezani chakula kikiwa moto," nikamjibu. Lakini moyoni nilistaajabu, na nasema leo kwa kuwa hayupo kunicheka.

Sasa huyu Korbinian wa upande wa pili wa bonde. Mnajua alitunyang'anya chemchemi, na baba yenu hakumsalimia hata kanisani. Naye ana mnara. Wenyewe wamenuniana, minara yao inaongea kutwa kucha! Nilipomuuliza Vinzenz, akasema, "Ugomvi ni wa maji, redio inahusika nini?"

Gernot, siku ile ulipovunjika mguu kule juu, theluji imeziba barabara na simu imekufa, baba yako aliandika ujumbe kwenye kompyuta ya kibandani. Sahani ya redio pale mnarani, iliyoelekea mjini, ilikuwa imejaa barafu, haipeleki kitu. Ujumbe ukageuka wenyewe, ukapita kwa Korbinian, ukawafikia waokoaji, helikopta ikaja. Korbinian angeweza kutukata zamani. Waya wa umeme wa mnara wake uko sebuleni kwake. Hakutukata. Baba yenu alimpelekea jibini zima, akaliacha mlangoni bila kubisha hodi. Kitambaa alichofungia jibini kikarudi mlangoni kwetu vivyo hivyo, kimefuliwa na kupigwa pasi. Na hawakusemezana mpaka Vinzenz anazikwa.

Sasa mguu huohuo ndio unaotaka kupanda ngazi kuung'oa mnara? Usinitazame hivyo. Korbinian amezeeka na yuko peke yake. Minara inayousikia wake ni miwili tu, wetu na mwingine. Ukiung'oa wetu, barafu ikauziba ule mwingine, nani atamsikia?

Chemchemi mwachieni. Roswitha, wewe ndiye uliyechukua leseni ya redio kama baba yako. Panda kila vuli, kaza skrubu kabla ya theluji. Gernot, umeme wa mnara uulipie wewe, na usinung'unike.

Nipeni maji. Kidogo... basi. Gernot, nipe mkono. Huo mwingine mpe dada yako. Mpe, nimesema. Hivyo. Mungu awape afya, na ng'ombe wasiumwe, na mjuliane hali hata mkiwa mmenuniana.

Wale wa redio... mwenzao akifa, hunyamaza hewani kidogo, kumkumbuka. Mimi sina leseni. Sijasema neno huko hata siku moja. Roswitha, waambie... wasininyamazie. Waendelee tu... kuongea.